Makumbusho na Tamaduni za Mipakani Afrika Mashariki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yamekusudiwa wageni wa makumbusho, walimu, wanafunzi na wanajamii wanaotaka kuelewa maonyesho yanayohusu watu wanaoishi pande mbili za mipaka ya Kenya, Tanzania, Uganda na nchi jirani. Baadhi ya maswali yamejibiwa kwa kirefu na mengine kwa mistari michache, kwa kuwa uzito wake haulingani.

Ni jamii zipi zinazoitwa jamii za mipakani?

Ni jamii ambazo ukoo, lugha, malisho, masoko na mazishi yao yanavuka mstari uliowekwa na dola. Wamaasai wako Kenya na Tanzania. Wakuria wako Tarime na Migori. Wadigo wako Kwale, na pia kusini ya Vanga kuelekea Tanga. Wateso na Wasamia wamegawanywa na mpaka wa Kenya na Uganda, Wamakonde na mto Ruvuma, na Wasomali na Waborana na mipaka ya kaskazini. Huko kaskazini-magharibi, Waturuka wa Kenya, Wakaramojong wa Uganda, Watoposa wa Sudan Kusini na Wanyangatom wa Ethiopia huhesabiana kuwa ndugu wa asili moja, ya Ateker, ijapokuwa wamewahi kupigana vikali kwa sababu ya mifugo.

Kuishi karibu na mpaka peke yake hakutoshi. Mfanyabiashara aliyehamia Namanga mwaka juzi anaishi mpakani, lakini simulizi yake ni nyingine na inastahili kabati lake. Linalozungumzwa hapa ni watu waliokuwapo kabla ya mstari, kisha wakaamka siku moja na kuambiwa kuwa shangazi yao yuko nchi ya kigeni.

Mipaka hiyo ilichorwa lini, na kwa nini haikubadilishwa baada ya uhuru?

Sehemu kubwa ya mpaka wa Kenya na Tanzania ilitokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, yakakamilishwa na mkataba wa mwaka 1890. Baada ya uhuru, wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Cairo mwaka 1964 na kuazimia kuiheshimu mipaka waliyoirithi, kwa hofu kwamba kufungua mjadala wa mpaka mmoja kungefungua mingine yote. Hofu hiyo haikuwa ya bure: kaskazini mwa Kenya tayari kulikuwa na vita vya watu waliotaka kujiunga na Somalia.

Je, ni kweli kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Mlima Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa?

Si kweli. Wilhelm wa Pili, anayetajwa katika simulizi hii, alitawazwa kuwa Kaisari mwaka 1888, ilhali mstari unaouzunguka mlima ulikwisha kukubaliwa mwaka 1886. Makubaliano yenyewe yanaeleza njia kavukavu: mstari unaanzia mdomo wa mto Umba, unakwenda hadi ziwa Jipe, unapita kati ya Taveta na nchi ya Wachagga, unafuata chini ya mlima kwa upande wa kaskazini, kisha unanyooka hadi ziwa Viktoria. Taveta ikabaki kwa Waingereza, na mlima ukabaki kwa Wajerumani.

Simulizi ya zawadi inapendwa kwa sababu inafurahisha, na waongoza wageni wengi wanaijua. Tatizo lake ni kwamba inamfanya msikilizaji acheke jambo lililowagusa watu halisi. Wataveta na Wachagga walikuwa wakifanya biashara na kuoana, na maonyesho yanayotumia dakika tano kusimulia keki ya siku ya kuzaliwa yamepoteza dakika tano za kuwasimulia hao.

Kwa nini kitu kilichotoka Kisumu kimeandikwa katika rejista ya zamani kuwa kimetoka Uganda?

Kwa sababu kilipochukuliwa, Kisumu ilikuwa Uganda. Hadi mwaka 1902, eneo lote kuanzia ziwa hadi Bonde la Ufa lilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Himaya ya Uganda, na ndipo likahamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo nayo iliitwa Kenya kuanzia mwaka 1920. Afisa aliyechukua ngao au kigoda cha mbao mwaka 1900 na kukipeleka Uingereza aliandika jina la himaya aliyoitumikia, na jina hilo limebaki katika kadi hadi leo.

Hili ndilo jambo la kwanza ambalo mtu anayefuatilia vitu vya jamii yake katika makumbusho ya nje anapaswa kulijua, maana ukitafuta jina la nchi ya leo utakosa sehemu kubwa ya unachokitafuta. Eneo la magharibi ya ziwa Turkana lilihamishwa kutoka Uganda kwenda Kenya mwaka 1926, kwa hiyo kiti cha Mturuka kilichochukuliwa kabla ya hapo kinaweza kuwa katika sanduku la Uganda. Jubaland, pamoja na mji wa Kismayu, ilitawaliwa na Waingereza kutoka Nairobi hadi mwaka 1925 ilipokabidhiwa Italia, hivyo vitu vya Wasomali wa huko vinaweza kuwa vimehesabiwa pamoja na vya Kenya. Rejista za Kijerumani zinazosema Afrika Mashariki ya Kijerumani zinajumuisha Tanzania bara, Rwanda na Burundi kwa pamoja. Na pale kwenye mdomo wa Ruvuma kuna pembe ndogo ya ardhi, Kionga, iliyoshikwa na Wajerumani kuanzia 1894, ikachukuliwa na Wareno mwaka 1916, na leo iko Msumbiji. Kinyago cha Kimakonde kilichotoka hapo kinaweza kudaiwa na nchi mbili, na zote zikawa na karatasi.

Njia iliyo salama zaidi ni kutafuta kwa jina la mahali dogo, mto, kituo cha utawala, jina la aliyekusanya na mwaka. Majina ya makabila nayo yanahitaji subira. Waandishi wa wakati huo waliyaandika walivyoyasikia, na mara nyingi waliyasikia kutoka kwa jirani aliyekuwa adui. Wasamburu, Wapokot na Wasabaot wanaonekana katika kadi za zamani kwa majina ambayo wao wenyewe hawakujiita.

Makumbusho yenye busara haifuti maandishi ya zamani. Inayaacha, inaongeza jina la sasa na jina wanalojiita wenyewe, na inaandika tarehe ya mabadiliko, ili atakayekuja baadaye aone nani alibadilisha nini. Ukikuta lebo iliyosafishwa kiasi kwamba haionyeshi tena kuwa kitu kilipita katika himaya tatu, jua kwamba sehemu ya historia yake imeondolewa pamoja na kosa.

Maonyesho ya namna hii yapangwe kwa nchi, kwa kabila au kwa matumizi ya vitu?

Kila mpango una gharama yake. Kupanga kwa nchi ni rahisi kwa wizara inayotoa fedha na kwa vitabu vya shule, lakini kunamkata Mkuria katikati. Kupanga kwa kabila kunamrudishia umoja wake, ila kunajenga ukuta mwingine, kana kwamba Mkuria na Mluo hawajawahi kuazimana chochote. Kwa maoni ya mwandishi wa majibu haya, kupanga kwa matumizi ndiko kunakosema ukweli mwingi zaidi, mradi lebo zisiache kutaja watu.

Chukua ala za nyuzi za aina ya nyatiti. Ukanda wa ziwa Viktoria una ndugu wengi wa chombo hiki: nyatiti ya Waluo, litungu ya Wabukusu, obokano ya Abagusii, iritungu ya Wakuria, na ng'ambo ya pili endongo ya Buganda, ambayo kwa desturi huwambwa ngozi ya kenge. Vikiwekwa katika chumba kimoja, mgeni huona kwa macho yake kwamba fundi aliangalia kazi ya jirani. Nyatiti ina nyuzi nane. Mpigaji huketi chini kabisa, huvaa pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu na kuigonga nayo kwenye fremu, huku njuga zilizofungwa mguuni zikijibu. Obokano ni kubwa na sauti yake hunguruma. Chombo kikiwa ndani ya kioo hakielezi hata moja kati ya hayo, na ndiyo maana Makumbusho ya Uganda, Kampala, yaliyojenga mkusanyo mkubwa wa ala wakati Klaus Wachsmann akiwa msimamizi wake kuanzia mwaka 1948, yalijulikana kwa kuwapa wanamuziki nafasi ya kuzipiga.

Mfano wa pili ni kigoda cha wafugaji wa kaskazini, ambacho Waturuka hukiita ekicholong. Hukatwa kutoka mti mmoja, huwa na uso uliopinda kidogo na mguu mwembamba, na hutiwa kamba ya ngozi ya kushikia. Mchana mwanamume hukikalia chini ya mti, usiku hukiweka chini ya shingo ili nywele zake zilizosukwa na kupakwa udongo zisiharibike. Wakaramojong na Wapokot wana vyao vinavyofanana, na mjuzi hutambua tofauti kwa miguu na kwa mkato wa uso. Ukiweka vigoda kumi bila kuonyesha kwamba viwili vilitengenezwa umbali wa mwendo wa siku moja na vikasajiliwa katika nchi mbili, umepoteza nafasi nzuri.

Je, ni sahihi kusema jamii fulani ni ya mkoa au nchi fulani tangu zamani?

Mara nyingi si sahihi, na makumbusho yamechangia katika kuimarisha dhana hiyo. Kuanzia mwaka 1949, Joy Adamson alichora, kwa kazi aliyopewa na serikali ya kikoloni ya Kenya, mamia ya picha za watu wa makabila mbalimbali wakiwa katika mavazi ya desturi, na nyingi ziko katika mkusanyo wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ni picha zenye thamani kubwa. Anayechunguza namna ya kusuka ushanga au kufunga kilemba atapata mambo ambayo picha za kamera za wakati huo, zisizo na rangi, hazikuyashika. Lakini zikitundikwa safu moja, kila mtu na jina la kabila lake, zinampa mgeni hisia kwamba Kenya ni jumla ya mavazi yasiyogusana wala kubadilika.

Wamakonde wa Kenya ni jibu zuri kwa dhana hiyo. Wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya pwani wakati wa ukoloni, wakazaa na kuzika Kwale, na kwa miongo mingi watoto wao hawakuwa na vitambulisho. Mwaka 2016 walitembea hadi Nairobi kudai haki hiyo, na mwaka 2017 wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Tangu hapo, maonyesho ya Kenya yanayotaka kuwa kamili hayawezi kuviita vinyago vya Kimakonde sanaa ya jirani.

Je, jamii za asili na jamii za mipakani ni kitu kimoja?

Hapana, ingawa mara nyingine ni watu wale wale. Katika eneo letu, jina la jamii za asili hutumiwa hasa na wawindaji, wakusanyaji wa asali na baadhi ya wafugaji ambao maisha yao yamesukumwa pembeni na mashamba, hifadhi na serikali: Waogiek, Wahadzabe, Waelmolo, Watwa na wengineo. Watwa wako katika makutano ya Uganda, Rwanda na Kongo, na mwaka 1991 wale wa upande wa Uganda walitolewa katika misitu ya Bwindi na Mgahinga ilipofanywa hifadhi za taifa. Maonyesho yanayoonyesha upinde wa Mtwa bila kutaja mwaka huo yanamwacha mgeni akidhani kwamba uwindaji uliisha wenyewe.

Kuhusu Waelmolo na majirani wao, Makumbusho ya Jangwani huko Loiyangalani, yaliyofunguliwa mwaka 2008 kandokando ya ziwa Turkana, yana sifa ambayo jiji haliwezi kuinunua: wanaoelezwa ndani ya jengo wanaishi nje ya mlango, na wanaweza kuingia na kusema kuwa lebo imekosea.

Vitu vitakatifu vinaweza kuonyeshwa?

Inategemea wenyewe wanasema nini, na jibu lao huweza kuwa hapana. Mfano unaojulikana zaidi pwani ni vigango vya Wamijikenda, hasa Wagiriama. Kigango ni nguzo ya mti mgumu inayochongwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa chama cha Gohu. Huwa na kichwa cha duara au kilichochongwa kama uso, mwili mrefu bapa, na pembetatu ndogo ndogo zilizokatwa kwa mistari. Hufungwa vitambaa, humiminiwa pombe ya mnazi na kupewa chakula, na roho ya marehemu hutarajiwa kuilinda familia. Familia ikihama, kigango hubaki mahali pake, kwa kuwa hakihamishwi kama samani.

Kubaki huko ndiko kulikoviponza. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980, vigango vilivyosimama katika makazi ya zamani viling'olewa usiku, vikauzwa kwa wafanyabiashara wa sanaa, na mamia vikaishia Marekani, vingine katika nyumba za watu binafsi na vingine katika makumbusho yaliyovipokea kama zawadi. Wanaanthropolojia Monica Udvardy na Linda Giles walipofuatilia njia zake, walikuta kwamba vigango viwili vilivyoonekana katika picha ya zamani ya familia moja vilikuwa vimekwisha kuingia katika mikusanyo ya Marekani. Viwili hivyo vilirudishwa Kenya mwaka 2007. Mwaka 2023, Makumbusho ya Jimbo la Illinois yalirudisha vingine 37.

Kurudi si mwisho wa mambo. Kigango kisicho na jina la familia kinarudi kwa nani? Wazee wengine husema kisimame katika kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, wengine husema mahali pake ni pale pale kilipong'olewa, na wengine huhofia kwamba kitaibiwa tena kabla ya mwezi kuisha. Makumbusho huwa mlinzi wa muda katika mazingira hayo, na kazi ya mlinzi si kuonyesha. Jibu la haki katika lebo ni kueleza kwa nini kabati liko tupu.

Je, jamii ina sauti juu ya vitu vyake vilivyo katika makumbusho ya nje?

Ina sauti kadiri inavyojitokeza na kadiri makumbusho yanavyokubali kusikiliza. Mwaka 2017, Mmaasai kutoka Tanzania alitembelea Pitt Rivers, makumbusho ya Chuo Kikuu cha Oxford, akaona vitu ambavyo kwa desturi havitoki nje ya familia. Kimojawapo ni aina ya bangili iitwayo orkatar, ambayo mwana huirithi baba anapofariki. Haiuzwi wala haitolewi zawadi, hivyo kuwapo kwake ndani ya kabati la Uingereza kulikuwa ushahidi kwamba jambo baya lilitokea. Ujumbe wa Wamaasai wa Kenya na Tanzania ulifuata, ukakaa na wafanyakazi wa makumbusho na kuvieleza vitu kimoja baada ya kingine. Mwaka 2023, makumbusho hayo yalishiriki katika sherehe za upatanisho nchini Kenya na kutoa ng'ombe kwa familia, kwa utaratibu wa fidia wa Kimaasai.

Hapa kuna mambo mawili ya kuangaliwa kwa makini. Kwanza, wajumbe walitoka nchi mbili na walizungumza kama watu wamoja. Pili, makumbusho yalikubali kufuata sheria ya wenye vitu, si ile yao wenyewe ya barua na vikao vya bodi.

Kurudishwa na kukopeshwa vinatofautianaje?

Tofauti ni umiliki. Mwaka 2024, Chuo Kikuu cha Cambridge kilipeleka vitu 39 Makumbusho ya Uganda, kwa kuanzia na mkopo wa miaka mitatu. Kinyago cha Kimakonde kilichoibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984, na baadaye kununuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, kilirudi Tanzania moja kwa moja mwaka 2010 baada ya miaka mingi ya mazungumzo. Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo wa mto Tana, haijapata hata mkopo: ilinyang'anywa na maafisa wa kikoloni mwaka 1902, ikaingia British Museum mwaka 1908, na imebaki huko.

Watu wengine huuliza kama mkopo si dharau, kwa kuwa mwenye mali anaazimwa mali yake. Ni swali la haki kabisa. Hata hivyo, wasimamizi wengi wa makumbusho ya kwetu hukubali mkopo kwa hesabu ya vitendo: kitu kikishafika, wazee hukiona, hukitambua na hukitaja jina, na madai ya umiliki yanayofuata hayawi tena ya maneno matupu. Mradi wa International Inventories Programme, ulioshirikisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ulikusanya orodha ya vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyo katika taasisi za nje. Kabla ya orodha hiyo, mtu aliyetaka kudai hakujua hata aandike barua kwa nani.

Mabaki ya binadamu je?

Hayo hayapaswi kuhesabiwa kama vitu vya maonyesho. Taasisi ya urithi wa Prussia iliyoko Berlin ilichunguza mafuvu takriban 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na mwaka 2023 ikatangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimepata jamaa walio hai nchini Tanzania. Fuvu mojawapo lilikuwa la akida, mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi aliyenyongwa mwaka 1900. Kichwa cha Mangi Meli mwenyewe kinaendelea kutafutwa na familia yake.

Kusini, Songea Mbano aliyenyongwa mwaka 1906 wakati wa vita vya Majimaji ndiye aliyeupa mji wa Songea jina lake, na kichwa chake pia kinadaiwa. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba radhi katika Makumbusho ya Majimaji mjini humo. Ikumbukwe kuwa Wangoni wako pia Malawi, Zambia na Msumbiji, kwa hiyo msiba huo una waombolezaji katika nchi zaidi ya moja.

Desturi zisizoshikika, kama ngoma na jando, huhifadhiwaje pande mbili za mpaka?

Kwa shida, kwa sababu mikataba huwekwa sahihi na serikali. Mwaka 2018, UNESCO iliingiza Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, yaani hatua tatu za kupita rika za wanaume wa Kimaasai, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ombi lilipelekwa na Kenya peke yake. Wamaasai wa Tanzania wanapita hatua hizo hizo, na vijana wa sehemu ya Ilkisongo hupatikana pande zote mbili. Mfumo wa orodha unaruhusu nchi kuomba kwa pamoja, na kwa maoni ya mwandishi, ombi la desturi ya mpakani lisingepaswa kupokelewa kabla nchi ya pili haijaulizwa.

Makumbusho yamewahi kusaidia amani kati ya jamii za mipakani?

Ndiyo. Kuanzia miaka ya 1990, Sultan Somjee, aliyekuwa mkuu wa ethnografia katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya, alisaidia jamii mbalimbali kuanzisha makumbusho madogo ya amani, yanayokusanya vitu vilivyotumika kusuluhisha ugomvi. Kinachosimuliwa mara nyingi ni leketio, mkanda wa ngozi uliotiwa kauri au ushanga unaovaliwa na wanawake wa Kipokot na Kalenjin wengine wakati wa uja uzito. Mwanamke aliweza kuuvua na kuulaza kati ya wanaume waliokuwa wakipigana, na hakuna aliyethubutu kuuvuka. Katika kabati la kawaida mkanda huo huandikwa kuwa ni pambo.

Naruhusiwa kupiga picha?

Uliza katika kila chumba. Ruhusa ya jengo si ruhusa ya kila kitu kilichomo, na mpiga ngoma anayetumbuiza uani naye anapaswa kuulizwa.

Raia wa nchi jirani analipa kiingilio cha mgeni?

Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana daraja la kiingilio kwa wakazi wa Afrika Mashariki, tofauti na la wageni kutoka mbali. Beba kitambulisho au hati ya kusafiria, maana langoni hakuna anayetambua uraia kwa lafudhi.

Familia yetu ina kitu cha zamani na tungependa kukipeleka makumbusho. Tufanye nini?

Kabla ya kukitoa nyumbani, kaeni na wazee na mkubaliane kama ni zawadi au ni amana, kwa kuwa zawadi hairudi. Andikeni jina la kitu kwa lugha yenu, aliyekitengeneza, aliyekitumia, kilivyopatikana na jamaa walio upande wa pili wa mpaka ambao nao wana haki ya kuulizwa. Pigeni picha pande zote. Kama kina masharti, kwa mfano kwamba kisiguswe na watu fulani au kisionyeshwe hadharani, masharti hayo yaingie ndani ya hati ya makabidhiano, wala yasiachwe kwenye mazungumzo ya mlangoni.

Msikivushe kitu cha kale mpakani bila kibali hata kama makumbusho mliyoyachagua yako kilomita chache ng'ambo, kwa sababu sheria za nchi zetu, zikiwamo ile ya mambo ya kale ya Tanzania ya mwaka 1964 na ile ya makumbusho na urithi ya Kenya ya mwaka 2006, zinazuia kusafirisha vitu hivyo nje bila idhini. Mkishakabidhi, ombeni nakala ya hati yenye namba ya usajili na mwiweke na vyeti vya familia. Kwa namba hiyo, mjukuu wenu ataweza kukiulizia hata kama wakati huo lebo itakuwa imebadilishwa mara tatu.